Mkondo wa masomo usiamuliwe na mfuko wa mzazi

Tangu Januari 2026, mwanafunzi wa Gredi ya 10 nchini Kenya husomea mkondo mmoja kati ya mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito. Enzi za 8-4-4, mfumo wa elimu uliotangulia, mtoto mwenye kipaji cha muziki au kandanda alipimwa kwa hisabati na kemia, akifeli akaitwa mjinga. Sasa kipaji chake ni somo kamili. Kwa eneo la Magharibi, ambako isukuti, ngoma ya jadi, iliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014 na timu ya Kakamega School, Green Commandos, imelea wanasoka wengi, hilo si jambo dogo.

Lakini mikondo yote mitatu iko wapi? Hasa katika shule kubwa za bweni. Shule nyingi za kutwa zina miwili tu, na Sanaa na Michezo ndiyo iliyoachwa nje. Msichana wa Nyakach, kaunti ya Kisumu, anayetaka kusomea muziki hulazimika kutafuta bweni. Karo ya shule za kitaifa zilizoko Kisumu na Nakuru imekuwa Sh53,554 kwa mwaka, bado hujanunua godoro, sare wala kulipa nauli. Mama anayeuza omena ufuoni atazitoa wapi?

Hata STEM, ambayo serikali inataka ichukue asilimia 60 ya wanafunzi, haiko sawa kila mahali. Kuna shule ambazo wanafunzi kumi huzunguka bureti moja, ule mrija wa kupimia vimiminika maabarani: mmoja anafungua koki, mwingine anasoma kipimo, wengine wote wananakili tarakimu. Mwenzao wa shule kubwa ana bureti yake mwenyewe. Wote watawania nafasi zilezile za uhandisi. Dhuluma hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu kwenye karatasi wote wako mkondo mmoja.

Wapo wanaosema pesa hazitoshi kuweka studio na maabara katika kila kata, na zikitawanywa hazitamfaa yeyote. Ni kweli. Ila kwani lazima mtoto ndiye ahame? Mwalimu mmoja wa muziki anaweza kuhudumia shule tatu jirani, mradi TSC, tume inayoajiri walimu, impangie hivyo na alipwe nauli, la sivyo atachoka kabla muhula haujaisha. Maabara za shule kubwa nazo zifunguliwe Jumamosi kwa majirani wa kutwa. Ningeanza na Nyakach, Seme na Butere, kabla ya kuongeza bweni lingine mjini.