Pua Iliyodidimia: Gegedu la Ubavuni au Kioo cha Maabara?

"Kilichovunjika ni pua, kifua nikatwe cha nini?" Kwa kijana aliyeanguka na bodaboda mteremko wa Mlima Nyoka, swali hilo lina haki yake. Daktari amemwambia pua yake iliyodidimia itainuliwa kwa gegedu, ile tishu ngumu inayopinda kama ya sikio, litakalokatwa ubavuni. Amesikia kuna kioo cha maabara kinachoshikamana na mwili. Kwake kioo ni maendeleo, ubavu ni uchinjaji.

Kioo chenyewe si uzushi. Mtafiti Larry Hench alikibuni Florida, Marekani, mwaka 1969: silika (madini ya mchanga) asilimia 45, pamoja na sodiamu, kalsiamu na fosforasi. Kikilowa majimaji ya mwili huvaa tabaka la madini yanayofanana na ya mfupa, na mfupa hukishika. Silikoni, ile kama mpira ambayo nayo hupandikizwa puani, haishikwi hivyo. Mwili huizungushia kifuko cha kovu tu. Aina ya kioo hicho iitwayo S53P4 hupandisha pia pH ya mahali ilipo, yaani hupunguza asidi, jambo linalowasumbua bakteria. Kuziba pengo la mfupa, au kumsaidia mzee ambaye gegedu lake la ubavuni limeshakuwa gumu kama mfupa, ni kazi inayokifaa.

Tatizo ni hilo neno mfupa. Mfupa ni kama theluthi ya juu tu ya pua. Chini yake ni gegedu na nyama laini, zinazopinda kila mtu anapopenga kamasi. Kioo hakipindi, wala hakichongwi kwa kisu mezani. Kikikaa karibu na ncha, chini ya ngozi nyembamba yenye kovu, kingo zake huisugua taratibu: ngozi huwa nyekundu, huzidi kuwa nyembamba, kisha kioo kinachungulia. Hilo laweza kutokea miaka baadaye, mgonjwa yuko Makete na masika yamekata barabara. Kilichochungulia hakirudishwi ndani. Hutolewa, maambukizi yatibiwe, tishu zisubiriwe miezi zitulie, na mwishowe unakatwa ubavu uleule uliokwepwa.

Ubavu nao una gharama zake. Huchukuliwa gegedu la ubavu wa 6 au wa 7, chini ya nusu kaputi. Kabla ya kushona, jeraha hujazwa maji ya chumvi na mapafu hujazwa hewa. Mapovu yakipanda, utando wa pafu umetoboka, na huzibwa palepale. Kifua huuma hata wiki kadhaa, hasa mtu akikohoa. Kovu linabaki.

Lawama nzito kuliko zote ni kwamba gegedu hujipinda, pua ikaenda upande. Ni kweli, ila mara nyingi kosa ni la mkono. Watafiti Gibson na Davis walishaonyesha mwaka 1958 kwamba kipande kikichongwa kutoka kiini, pande zote zikipunguzwa sawa, nguvu za ndani hushindana na kipande hubaki kimenyooka. Kisha kinalazwa kwenye maji ya chumvi kama nusu saa, kitakachopinda kionekane kabla ya kushonwa. Anayeruka nusu saa hiyo asiulaumu ubavu. Wala hakuna cha kuagiza kutoka nje, wala tarehe ya kuisha muda.

Na pua nyingine zisingefika huko kabisa. Gegedu la ukuta wa kati halina mishipa yake ya damu; hulishwa na utando unaolifunika. Damu ikijikusanya katikati yao, gegedu huweza kufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo kwenye zahanati majeruhi amulikwe tochi puani, tundu zote mbili, uvimbe uguswe kwa kijiti chenye pamba. Ukibonyea, damu ikamuliwe siku hiyohiyo.