Mtoto Hakupewa Nakala

Ushauri wa malezi una kasoro moja ambayo sijawahi kuona mtaalamu akiigusa: unatumwa kwa mzazi peke yake. Mtoto hapewi nakala. Mimi nimesoma, nimepigia mstari, nimekariri, nimeingia sebuleni kifua mbele. Mwenzangu wa upande wa pili hana habari kwamba kuna mahali pameandikwa akiambiwa hivi atajibu vile. Anajibu anavyojua yeye.

Chukua hili la kupiga goti. Wanasema mtoto akilia kwa hasira usimsemeshe ukiwa umemsimamia. Piga goti, macho yenu yalingane, shusha sauti, halafu itaje hisia yake ili ajue umemwelewa. Sawa. Nina wawili humu ndani, wa kike ana miaka minne, wa kiume hajamaliza miwili, kwa hiyo magoti yangu yana kazi ya kutwa. Juzi bwana mdogo kajibwaga sakafuni kwa sababu nimempa kikombe cha bluu. Alichokiomba ni cha bluu. Nikashuka kwa awamu, kwanza mkono kwenye kiti, kisha goti la kulia, kisha lile la kushoto ambalo hulia kabla halijafika chini. Nikasema taratibu, "Naona umekasirika, baba." Akanyamaza, akanitazama. Nikaamini. Kumbe alikuwa anapima umbali wa kufika kwenye miwani yangu.

Maelezo wanayo, na yana mantiki, ndiyo yanayouma. Wanasema sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomsaidia mtu kujizuia, huchukua muda mrefu kukomaa. Huendelea kujengeka hata baada ya kuvuka miaka 20. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anayegaragara kwa ajili ya kikombe hana jeuri, hana breki tu. Nimekubali. Ila za kwangu, ambazo kwa hesabu hiyo zilifungwa zamani, mbona na mimi natamani kugaragara?

Tena ukisoma kwa makini utaona kwamba ushauri wa kumlea mtoto, karibu wote, ni wa kumlea baba yake. Wa kushusha sauti ni mimi. Wa kuvuta pumzi ni mimi. Wa kuweka simu pembeni ni mimi. Wa kula mboga kwa bashasha ili mtoto aige, mimi. Yeye anatakiwa awepo tu.

Kuna lile la machaguo. Usimwamuru mtoto, wanasema, mpe vitu viwili ambavyo wewe umeshavikubali vyote, achague, ajione ana usemi. Kwa mdogo nilianza na fulana: nyekundu au ya kijani? Akachagua kutovaa. Hilo halikuwepo kwenye orodha, lakini orodha aliiona nani? Mkubwa ndiye aliyenimaliza. Huyo hakuhangaika kuchagua, alijifunza mbinu yenyewe. Jioni moja akaja na vitabu vyake kifuani, sauti ya upole, akasubiri nikae ili macho yetu yalingane, akauliza, "Baba, unataka kunisomea hadithi mbili au tatu?"

Nikajibu mbili, tena kwa ukali, mwenye nyumba nimeweka msimamo. Nilikuwa katikati ya hadithi ya pili ndipo iliponijia kwamba hakuna mahali nilipoulizwa kama nataka kusoma. Mama yao alicheka mpaka akakaa.

Kwenye usingizi ndiko kwenye takwimu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa watoto walio chini ya miaka 5. Wa mwaka mmoja hadi miwili alale saa 11 hadi 14 kwa siku. Wa miaka mitatu na minne, saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwa umo humohumo. Tena wakataka kuanzia mwaka mmoja mtoto apate walau dakika 180 za kucheza na kujongea kila siku, na akifika miaka mitatu, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kuhemea kidogo. Hapo nikajua waandishi walikuwa na wasiwasi kwamba kuna mtoto mahali fulani amekaa. Wa kwangu anazimaliza hizo 180 kabla sijapata soksi ya pili.

Na sina ugomvi na saa 14. Ugomvi wangu ni jinsi zinavyogawanywa. Usiku anachukua kidogo kama mtu anayeonja, nyingine anazilala mchana, wakati huohuo tulipotakiwa kuwa tumeshatoka nyumbani, akiwa amevaa kiatu kimoja. Wanasema dawa ni utaratibu usiobadilika: kuoga, mswaki, hadithi, taa, kwa mpangilio uleule kila usiku, mwili uzoee. Utaratibu upo, na kweli haubadiliki. Baada ya taa kuna maji ya kunywa. Baada ya maji kuna mkojo. Baada ya mkojo kuna kiu iliyoletwa na safari ya mkojo. Kisha hufuata swali la kitaaluma kutoka kwa mkubwa.

"Baba, samaki akilala anafumba macho?"

Nikamwambia samaki wengi hawana kope za kufumba.

"Sasa anajuaje kama amelala?"

Halafu akalala, palepale, mdomo wazi. Mimi nilikaa macho mpaka usiku wa manane namfikiria samaki.

Mswaki wenyewe sitauzungumzia sana. Dawa ya meno yenye floraidi, chini ya miaka mitatu ipakwe kiasi cha punje ya mchele, akifika mitatu kiasi cha punje ya njegere, na anayesugua awe mzazi kwa sababu mikono yao bado haijaweza. Bwana mdogo anaitazama ile punje, anaimeza, ananirudishia mswaki niweke nyingine, kisha anafunga mdomo. Kikao kimeahirishwa.

Skrini ndiyo iliyoniharibia heshima. Mwongozo uleule unasema mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa. Kuanzia miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Hayo niliyasoma wapi? Kwenye simu. Nilitumia muda gani? Mkubwa alikuja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, ule mkao ambao mama yake anakana kwamba ni wake.

"Baba, saa yako imeisha."

Nikamweleza kwamba nasoma mambo yanayomhusu yeye. Akasema katuni zake nazo ni za kujifunza. Mwanasheria huyo hajui kufunga kamba za viatu.

Lakini kama kuna mahali ninapodhulumiwa waziwazi ni mezani. Mtaalamu wa lishe mmoja wa Marekani, Ellyn Satter, aliweka kanuni ambayo siku hizi inarudiwa kila kona: mzazi aamue kitakacholiwa, wakati wa kula na mahali pa kulia, mtoto aamue ale kiasi gani, na kama atakula. Hebu ipitieni tena polepole. Mimi nimenye, nipike, nipoze, niokote kijiko, nioshe kijiko, nikiokote tena. Yeye apige kura. Na kura ikiwa ya hapana, nisilazimishe, nisibembeleze, nisimhonge kitu kitamu. Nitabasamu, nitoe sahani, siku nyingine nikilete tena chakula kilekile, maana huenda ikachukua mara 8, mara 15, au zaidi, mpaka mtoto azoee ladha ngeni. Mara 15! Hata kesi za ardhi zina mwisho.

Wanasema pia kwamba woga wa vyakula vigeni huongezeka mtoto anapokaribia miaka miwili, na ni hali ya kawaida. Hili naliunga mkono. Akiwa na miezi minane bwana mdogo alikula chochote kilichosogezwa karibu, ikiwemo kona ya kadi yake ya kliniki. Leo karoti ikigusana na kiazi, sahani nzima imenajisika. Halafu huyohuyo mwenye masharti nimemkuta chini ya kochi anatafuna kitu ambacho mpaka sasa hatujakitambua. Hicho hakuhitaji kuonyeshwa mara 15.

Hapo kwenye kutafuna nitaacha kunung'unika kidogo, maana kuna ushauri usio na mzaha. Karanga na njugu nzima mtoto mdogo asipewe. Zabibu zikatwe kwa urefu, si kwa upana, kwa sababu ule mviringo wake huweza kuziba koo la mtoto sawasawa. Asali isubiri mpaka atimize mwaka, hata ya kulambishwa kidoleni, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na utumbo wa mtoto mchanga bado hauna uwezo wa kuzizuia. Hayo niliyatii bila swali, na nikawa mkali kwa wageni wenye mikono ya ukarimu. Mtu akitaka kubishana abishane kuhusu fulana.

Kwa mengine yote najipa ruhusa ya kuguna, kwa sababu wataalamu nao, jamani, wana historia. John Watson, mwanasaikolojia wa Marekani mwenye jina kubwa, mwaka 1928 aliwashauri wazazi wasiwakumbatie watoto, wasiwabusu, wasiwapakate. Ikibidi sana, busu moja la paji la uso wakati wa kulala. Na asubuhi? Mpeane mikono. Mimi asubuhi za humu ndani nazijua, na ule mkono najua umetoka wapi. Mwaka 1946 akaja daktari Benjamin Spock, akawaambia wazazi wajiamini, kwamba wanajua zaidi ya wanavyodhani. Watu wakapumua. Lakini Spock huyohuyo kwa miaka mingi alipendekeza vichanga walazwe kifudifudi, na baadaye ikaonekana ulalaji huo unaongeza hatari ya vifo vya ghafla. Marekani walianza kampeni rasmi ya kuwalaza chali mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua sana.

Kwa hiyo bibi yao alipokuwa akisema, "Sisi tuliwalaza kifudifudi na mkakua," hakuwa mkaidi, ndivyo alivyoambiwa na waliosoma. Nilikuwa naitikia "ndiyo, mama," kwa adabu zote, kisha akigeuka namlaza mtoto chali. Ninachompinga ni ushahidi wake mwingine, kwamba mimi nilikuwa mtoto mtulivu, sikumsumbua hata siku moja. Nina kovu la gotini na mapacha wa kovu hilo kisogoni. Huyu mama ninayemsikia akiwaambia wajukuu "waache wacheze" sijui walimtoa wapi. Aliyenilea mimi alikuwa mwingine kabisa.

Haya, kusifu. Zamani mtoto akifanya vizuri ulimwambia ana akili, mkaendelea na maisha. Sasa hapana. Mwaka 1998 watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto waliosifiwa akili walivunjika moyo upesi walipokutana na maswali magumu, kuliko wale waliosifiwa juhudi. Basi sifu juhudi. Nilipomkuta mkubwa amechora farasi ukutani, farasi mrefu, kaanzia kwenye swichi kaishia mlangoni, nikafuata taratibu zote: pumzi, goti la kulia, goti la kushoto na mlio wake. Nikasema ukuta si wa kuchorea, karatasi zipo. Kisha, ili nisimvunje moyo, nikaongeza, "Ila naona umejitahidi sana."

Akang'aa uso. Niliporudi kutoka jikoni alikuwa amejitahidi na ukuta wa pili.

Sasa mimi na mama yao tumefika kwenye kile kiti. Wanaokikubali wanasema mtoto akikosa akae pembeni kidogo, mahali patulivu, asiwe na kitu cha kuchezea, asisemeshwe na mtu, dakika moja kwa kila mwaka wa umri wake. Wa miaka minne, dakika nne. Nikasoma, nikarudia, na moyo ukaanza kwenda mbio. Kiti. Mahali patulivu. Hakuna mtu wa kukusemesha. Dakika moja kwa kila mwaka. Mimi nimevuka arobaini! Hiyo mnaita adhabu?

Tangu hapo nikawa natafuta kosa. Lakini humu ndani baba akikosa anapewa vyombo. Nikamwaga maji makusudi, nikapewa kitambaa. Mpaka jana, mkubwa alipokuwa akinieleza jambo refu kuhusu yule samaki, nikadakia kabla hajamaliza. Akanyamaza. Akainua kidole.

"Baba, umenikatiza. Kiti."

Mama yao aliunga mkono hukumu akiwa jikoni, bila kusikiliza utetezi. Nikaenda nimeinamisha kichwa wasinione uso. Nikakaa, nikageukia ukuta, ule wa farasi. Taabu ni kwamba hakimu anahesabu mwisho ishirini, na kumi na tano huwa anairuka, kwa hiyo nilitumikia chini ya nusu ya haki yangu. Akaja, akapiga goti ingawa mimi ndiye niliyekuwa nimekaa, akashusha sauti, akaniuliza kama sasa nimejuta.

Nikamwambia bado. Aniongeze.