Kabla hujafuta hizo .tmp, subiri kwanza

Nianze na kilichoniudhi juzi. Kuna dada mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kaja dukani kwangu hapa Morogoro saa kumi na moja jioni nikiwa nshaanza kuzima mashine za fotokopi, flashi kaifunga kwenye tishu kama vile ni dawa, macho mekundu. "Kaka samahani, naomba unisaidie, sura ya nne imepotea." Sio imegoma kufunguka, imepotea, yaani faili lenyewe halipo. Mchana alikuwa anachapa kwenye stesheneri moja karibu na chuo, umeme ukakatika, uliporudi akachomeka flashi akakuta makorokoro asiyoyajua na sura ya nne hamna. Kijana wa pale kamwambia hao ni virusi dada, tunafuta vyote tunaifomati, buku tatu tu. Bahati nzuri huyu dada ni mbishi, akachomoa flashi yake akaondoka.

Nikachomeka kwangu. Mimi kwenye mashine ya kazi nimeruhusu vilivyofichwa vionekane, kwa hiyo nikaona kila kitu: sura ya kwanza mpaka ya tatu zipo salama, halafu kuna ~$ra ya nne.docx ya KB 1, kuna ~WRD0002.tmp ya KB 0, na kuna ~WRL0003.tmp ya KB 2,140; hizo .tmp ni mafaili ya muda. Sasa hebu angalia hiyo namba ya mwisho. Virusi gani bana wana uzito wa tasnifu yenye majedwali na ramani ndani?

Hivi vitu sio uchawi. Ile yenye ~$ ni kama kibao cha "kuna mtu ndani". Ukifungua faili la Word, yenyewe inakatengeneza hako kadogo pembeni, inachukua jina la faili lako inakata herufi mbili za mwanzo inaweka ~$, ndo maana Sura ikawa ~$ra. Ndani hamna kazi yako hata mstari mmoja, kuna jina tu la aliyefungua, ili mwingine akija kulifungua hilo hilo aambiwe linatumika. Nilimfungulia dada kwa Notepad akaona mwenyewe, herufi za ajabu ajabu na katikati neno Admin, ndo jina la mtumiaji kwenye kompyuta za ile stesheneri. Ukifunga Word vizuri kanajifuta, umeme ukikatika kanabaki, na siku nyingine ndo hako kanakufanya uambiwe faili limefungwa na mtu mwingine wakati huyo mtu ni wewe mwenyewe. Hako futa tu, ilimradi Word imefungwa.

Ila ~WRL ni habari nyingine kabisa. Watu wengi wanadhani ukisevu Word inaandika juu ya kile cha zamani, wapi. Inaandika kopi mpya pembeni kwa jina la muda, hiyo ndo ~WRD, ikishamaliza inalivua faili la zamani jina lake inalivika ~WRL na namba, halafu ile kopi mpya ndo inapewa jina lako, mwisho kabisa la zamani linafutwa. Ni sekunde chache tu na siku zote hujui kama limefanyika. Sasa umeme ukiondoka katikati hapo, la zamani lishavuliwa jina na jipya halijavikwa, unabaki na flashi ambayo haina Sura ya nne lakini kazi yako imo humo humo kwa jina lisiloeleweka. Kilichomtokea dada ndo hicho. Kopi mpya ilikuwa KB 0, ya kuzika, ila ya zamani nzima.

Nikakopi folda yote kwenye mashine yangu kwanza, hii hatua msiiruke jamani, halafu kwenye kopi nikaifuta ile .tmp mwishoni nikaandika .docx. Nikabonyeza mara mbili. Ikafunguka na majedwali yake yote. Alichopoteza ni kama ukurasa na nusu, vile alivyochapa kati ya kusevu kule kwa mwisho kuzuri na umeme kukatika. Hata hicho kingeweza kupatikana kwenye mashine ya kule, maana Word kila baada ya dakika 10 kama hujabadilisha inatunza nakala ya dharura ya .asd kwenye kompyuta yenyewe, ndani ndani huko AppData, Roaming, Microsoft, Word. Tatizo stesheneri nyingi zinaweka programu kama Deep Freeze, ukiwasha upya tu mashine inarudi kama ilivyokuwa asubuhi, kila kilichoongezwa kimekwenda. Kwa biashara ni nzuri sana, kwa mteja aliyekatikiwa umeme ni msiba.

Sasa lawama zangu. Sisi mafundi tumewazoesha watu kwamba kila kisichoeleweka ni takataka na dawa ya kila ugonjwa ni kufomati. Na sa hivi kuna hizi video fupi, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %temp%, chagua vyote, futa, andika prefetch, futa, kompyuta itakimbia kama mpya. Sikatai, folda ya temp ukiisafisha programu zikiwa zimefungwa huwa haina madhara na diski ikiwa imejaa unapata nafasi, ila hiyo spidi wanayoisema mimi sijaiona, na ile prefetch ukiifuta unaifanya Windows ianze kujifunza upya programu unazozitumia. Lakini ubaya wenyewe uko kwenye mpangilio. Mtu kapoteza kazi leo asubuhi, kitu cha kwanza fundi anasafisha ndo aanze kutafuta. Unatafuta nini sasa na ushakitupa?

Mfano wale wanaofungua faili moja kwa moja ndani ya zipu au ndani ya barua pepe bila kulishusha kwanza. Bosi katuma fomu, unaifungua hapo hapo, unajaza saa nzima, unasevu, inakubali kabisa, unafunga, kesho huioni Documents huioni Desktop. Ilikuwa inasevu kwenye folda ya muda. Mara nyingine ukiwahi unaikuta, kwenye temp tafuta folda zinazoanza na Rar$ au zenye jina la zipu yako, kwa barua pepe za Outlook kuna folda inaitwa Content.Outlook imefichwa ndani ya INetCache. Ukiwa umeshamsikiliza yule wa video, pole.

Halafu kuna hili la mwalimu mmoja mkuu, mzee wangu ninayemheshimu sana. Kanipigia simu asubuhi, shikamoo mwalimu, marahaba fundi, laptopu yangu imeibiwa data zote. Nikacheka kidogo, nikafika shuleni kwake nikakuta kweli, desktopu nyeupe, picha za nyuma zimerudi zile za Windows, ratiba na matokeo ya mitihani hamna. Kona ya chini kulikuwa na ujumbe kwamba ameingia kwa profaili ya muda (profaili ni ile sehemu ya mtumiaji yenye desktopu na mafaili yake), yeye alikuwa anaufunga tu kila ukija. Hiyo inatokea Windows ikishindwa kuisoma profaili yako wakati wa kuingia, inakupa ya kuazima, kwenye C, Users kunakuwa na folda inaitwa TEMP, na chochote utakachosevu kwenye hiyo desktopu ya kuazima ukitoka kinafutwa. Fundi aliyemtangulia kwa mzee alishamwambia alete elfu ishirini apige Windows upya. Mimi nikaingia C, Users, nikaikuta folda yenye jina lake la siku zote imetulia pale pale, GB 38. Tukaizima tukaiwasha mara mbili, ikagoma, ikabidi niingie rejistri, lile daftari la mipangilio la Windows, kwenye ProfileList, pale unakuta namba ndefu ya mtumiaji imejirudia mara mbili, moja ina .bak mwishoni, unabadilishana majina yao unawasha upya. Kabla ya yote nilikopi hizo GB 38 kwenye diski ya nje, mzee akaniuliza mbona unachelewa hivyo, nikamwambia mwalimu vumilia.

Na wala msidhani ni kompyuta zetu za mitumba tu. Februari 2020 apdeti ya Windows 10, ile KB4532693, iliwaingiza baadhi ya watu kwenye hiyo hiyo profaili ya muda wakadhani vitu vyao vimefutwa. Ile ya Oktoba 2018, toleo la 1809, ilifuta kweli, waliokuwa wamehamishia Documents sehemu nyingine wakaachia mafaili kwenye folda ya zamani, apdeti ikaifuta ile ya zamani na vilivyomo, Microsoft wakaisimamisha baada ya siku chache wakairudisha Novemba.

Virusi wapo, sijasema hawapo. Flashi ikionekana tupu au imejaa shotikati za KB 1 na ukiangalia nafasi iliyotumika ni GB 9, hapo kuna kirusi kimeficha folda zako, hakijafuta. Piga antivirusi, halafu fungua ule ukurasa mweusi wa amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Vyote vinarudi. Ukifomati ndo unamalizia kazi ambayo kirusi chenyewe hakikuimaliza.

Nimejiuliza kwa nini tunang'ang'ania kufomati na jibu nalijua kwa sababu na mimi nalipa kodi ya fremu. Kufomati kunaonekana kazi. Mteja anaona skrini ya bluu, anaona asilimia zinapanda, anaachwa hapo masaa mawili na soda, anatoa elfu ishirini na roho yake nyeupe. Yule dada nilimwambia elfu tano. Akaangalia skrini, akaangalia saa yake, zilikuwa zimepita dakika kumi na moja.

"Kaka, elfu tano ya kubadilisha jina tu?"

Tukamalizana kwa elfu tatu, na kuprinti nikamwongezea bure.