Yupo Tunduma, mfumo unasema yupo Zambia

Ofisi nyingi zenye makao makuu Dar es Salaam na matawi huku Nyanda za Juu Kusini zimeipenda sana kanuni moja ya usalama: asiyekuwepo Tanzania asifungue barua pepe ya kazi. Kikaoni inasikika vizuri. Wezi wa akaunti wako ng'ambo, sisi tuko hapa, basi tuwafungie wa ng'ambo tulale usingizi. Mimi ninayehudumia kompyuta za ofisi kuanzia Makambako hadi mpakani nina mtazamo tofauti. Kanuni hiyo ikiachwa peke yake inawasumbua watu wetu kuliko inavyomsumbua mwizi, na inapoleta tatizo wengi wanalitibu kwa dawa inayolizidisha.

Kwanza tuelewane inapima nini. Kwenye Microsoft Entra ID, mfumo wa Microsoft unaohakiki anayeingia kwenye akaunti za kazi, ule ulioitwa Azure AD hadi mwaka 2023, sera za aina hii zinaitwa Conditional Access. Msimamizi anaandika maeneo anayoyaamini: ama anwani za IP za ofisi zake (namba zinazotambulisha laini ya intaneti), ama nchi nzima. Mtu akiingia, mfumo unatazama anwani ya IP aliyotokea nayo, unaitafutia nchi, kisha unaamua apite au azuiwe. Mtu mwenyewe haonekani kabisa. Kinachoonekana ni mlango ambao data yake imetokea kwenda kwenye intaneti, na mlango huo unaweza kuwa mbali sana na kiti alichokalia. Tumia bando la simu ukiwa Mwanjelwa, halafu angalia anwani yako ya IP inasemaje. Mara nyingi mji utakaotajwa ni Dar es Salaam, na anwani hiyohiyo wanaitumia wateja wengine wengi wa kampuni ileile ya simu kwa wakati mmoja.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho aende Tunduma. Watu wengi pale wana laini mbili, ya Tanzania na ya Zambia, kwa sababu nusu ya shughuli zao iko Nakonde, upande wa Zambia. Chukua dada mmoja wa mahesabu katika ofisi ya usafirishaji. Bando la laini ya Tanzania limekwisha, la Zambia lipo, anarusha hotspoti kutoka kwenye simu hadi kwenye laptopu na kuendelea na kazi. Barua pepe inagoma. Anapiga simu makao makuu.

"Dada, mfumo unaonyesha upo Zambia."

"Kaka, mimi nipo ofisini Tunduma. Hapa dirishani naona foleni ya malori."

Wote wawili wanasema kweli. Data ya laini ya Zambia inatokea Zambia hata kama simu iko upande wetu. Sasa tazama upande wa pili: dereva wa ofisi hiyohiyo amefika Lusaka, laini yake ya Tanzania iko kwenye rominga, anafungua barua pepe bila kuulizwa chochote. Kwa kawaida data ya rominga hurudishwa kwanza kwenye mtandao wa nyumbani, ndipo itoke kwenda intaneti, kwa hiyo Microsoft inaona mtu aliyepo Tanzania. Aliye ndani kafungiwa nje, aliye nje kaingia. Kanuni imefanya kazi yake sawasawa kama ilivyoandikwa, na haikuwa na maana yoyote.

Dawa ya haraka inajulikana: ongeza Zambia kwenye orodha. Wiki ijayo tawi la Kyela linalalamika kwa sababu ya laini za Malawi upande wa Kasumulu, Malawi nayo inaongezwa. Halafu anakuja aliyeonekana Uholanzi. Huyu hajasafiri popote. Yupo Mafinga, amewasha VPN kwenye simu, programu inayopitisha intaneti yako kwenye nchi nyingine. Tangu X izuiwe nchini Mei 2025 watu wengi wana VPN na wengi husahau kuizima, licha ya tangazo la TCRA la Oktoba 2023 lililotaka watumiaji wa VPN wajisajili. Ukimwongeza na Uholanzi, orodha yako haizuii tena mtu yeyote. Afadhali kutokuwa na kanuni na ukajua kwamba huna, kuliko kuwa na ya hivyo na kudhani umelindwa.

Kwa hiyo sigusi orodha kabla sijasoma ushahidi. Mtumiaji akizuiwa anaona ukurasa wenye ujumbe kwamba hana ruhusa ya kufungua hapo, na ndani yake kuna kitufe cha maelezo zaidi. Watu wengi wanaufunga ukurasa huo kwa hasira, na ndio wenye kila kitu: namba ya kosa, 53003 ikiwa ni sera iliyozuia, jina la programu, anwani ya IP, hali ya kifaa na muda. Nawaambia wateja wangu wabonyeze hapo, wapige picha ya skrini na kunitumia WhatsApp. Picha hiyo ina faida kuliko maelezo ya "mtandao umegoma tangu asubuhi."

Baada ya hapo ndipo natafuta tukio kwenye kumbukumbu za kuingia. Hapa kuna mtego unaotuhusu sisi hasa. Mtu wa Iringa anakwambia tatizo limetokea saa nne asubuhi. Kwa saa za kompyuta hiyo ni 10:00, na faili la kumbukumbu ukilipakua linaandika 07:00 kwa sababu linatumia UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Nimeona fundi akitafuta tukio la 04:00 usiku wa manane, akalikosa, akahitimisha kwamba mtumiaji anadanganya. Angalia pia kumbukumbu za kuingia ambazo mtumiaji hakubonyeza chochote, pale programu ya simu inapojihuishia ruhusa yenyewe kimyakimya. Mazuio mengi ya mahali yamejificha huko, na ukurasa wa kwanza hauyaonyeshi. Na usichelewe. Kwa leseni zenye Conditional Access kumbukumbu hizi zinakaa siku 30, kisha zinafutika.

Ukilifungua tukio, kuna sehemu inayotaja kila sera iliyohusika na kwa nini. Isome yote. Sera zote zinazomgusa mtu zinajumlishwa, na ikiwepo hata moja ya kuzuia, nyingine zote kumi zikisema apite hazimsaidii. Kipo na chombo kinachoitwa What If, unakiandikia jina la mtumiaji, programu, IP na nchi, nacho kinakwambia sera zipi zingemshika. Kizuri sana, mradi uandike IP ya nje. Nimeletewa majaribio yaliyofanywa kwa 192.168 na kitu. Hiyo ni namba ya ndani ya ruta, Microsoft haiioni kamwe.

Kosa lililonipa kazi kubwa kuliko yote ni la ofisi yenye laini mbili za intaneti. Hapa Mbeya ni kawaida: faiba kwa kazi zote, na ruta ya 4G ya akiba kwa siku ambazo faiba inakatika. Mwenye ofisi mmoja alishauriwa azitumie zote mbili kwa pamoja ili kasi iongezeke, ruta ikawa inagawa mzigo huku na huku. Tangu siku hiyo Outlook ikawa inawaomba wafanyakazi waingie, wanaingia, dakika chache baadaye inawaomba tena. Ukurasa wa kuingia ulipita kwenye faiba, ambayo anwani yake iko kwenye orodha. Barua pepe zenyewe zikapita kwenye 4G, ambayo haimo. Huduma kama Exchange ya barua pepe na SharePoint ya mafaili zina uwezo wa kuikagua anwani ya IP wakati kazi inaendelea, badala ya kusubiri tokeni, yaani kibali cha kidijitali anachopewa mtu akishaingia, cha takribani saa moja, iishe muda. Kwa kawaida Microsoft inapoona sehemu mbili hazikubaliani kuhusu anwani, hulegeza kidogo ili mtu asizungushwe. Ila hapa msimamizi alikuwa amewasha utekelezaji mkali wa maeneo, na ulegevu huo ukaondoka. Tulichofanya ni kuiambia ruta ipitishe trafiki yote ya Microsoft kwenye faiba peke yake, na 4G isubiri zamu yake. Sera hatukuigusa.

IPv6, muundo mpya wa anwani za IP, nataja kwa ufupi. Microsoft ilianza kuipokea kwenye huduma hii mwaka 2023. Kama orodha yako ina anwani za muundo wa zamani, IPv4, tu na mtoa huduma wako amekupa na IPv6, mfanyakazi anaweza kukaa meza ileile akakubaliwa saa hii na kukataliwa saa ijayo.

Na kama ofisi yako haina IP ya kudumu, achana kabisa na kanuni ya "IP ya ofisi tu." Umeme unakatika, unarudi, ruta inawaka na anwani nyingine, ofisi nzima inakuwa nje pamoja na msimamizi mwenyewe. Microsoft yenyewe inashauri uwe na angalau akaunti mbili za dharura zisizoguswa na sera hizi. Ofisi ndogo nyingi ninazoingia huku hazina hata moja.

Kuna wanaosema suluhisho ni GPS. Kweli lipo chaguo la kupata nchi kwa GPS kupitia Microsoft Authenticator, na yule dada wa Tunduma lingemwokoa. Silipendi kwa matumizi ya kila siku. Programu inapeleka mahali alipo mtu mara kwa mara, na huku kwetu simu hiyo ni ya mfanyakazi mwenyewe, ameinunua kwa pesa yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwajiri anayetaka kujua watumishi wake wako wapi inabidi awe na sababu ya halali na awaambie waziwazi. Kulitumia kwa mfumo wa malipo ya benki naelewa. Kwa barua pepe ya kuagiza mbolea, hapana.

Mimi ningependa mahali pawe sababu ya kumuuliza mtu zaidi, pasiwe sababu ya kumfungia. Anayetokea nchi isiyo ya kawaida aonyeshe kifaa kilichosajiliwa na ofisi, au ufunguo wa FIDO2, kitambulisho cha kidijitali kinachotumika badala ya nywila, ambao ukurasa bandia hauwezi kuuiba. Mwizi wa kweli hashindwi na bendera ya nchi: anwani za IP za majumbani zinakodishwa, akitaka ya Tanzania anaipata. Sera mpya ianze kwenye hali ya kuripoti tu kwa wiki kadhaa, ili uone ingemzuia nani kabla haijamzuia. Na matawi ya huku yapewe japo ruhusa ya kusoma kumbukumbu. Kumsubirisha mtu wa Njombe siku nzima ili aliyeko Dar amsomee IP yake ni kupoteza kazi bure.

Jambo moja makao makuu huwa hawalipendi nikilisema. Sera hizi hupimwa baada ya hatua ya kwanza ya kujitambulisha kukamilika. Ripoti ikionyesha jaribio limezuiwa kwa sababu ya nchi, na mwenye akaunti alikuwa amelala kwake Iyunga, na si simu yake mwenyewe yenye VPN iliyojaribu, basi huyo mgeni ana nywila sahihi au ameiba tokeni. Nimeona ripoti za namna hiyo zikisomwa kikaoni kama ushindi, watu wakaenda kunywa chai. Mpigieni mwenye akaunti kabla ya chai: abadili nywila, mwondoeni kwenye vifaa vyote ambako akaunti yake iko wazi, halafu mwulize ni sehemu gani nyingine anatumia nywila hiyohiyo.