Gari lililozama lisiwashwe

Maji ya Mto Rau yalipoingia uani kwetu Msaranga, Moshi, masika ya 2024, yaliikuta Land Rover ya marehemu baba palepale ilipozoea kukaa, chini ya mwembe. Usiku ule hakuna aliyeikumbuka. Tulikuwa tunahangaika na mama, magodoro na mbuzi. Asubuhi maji yalipopungua, alama ya tope ilikuwa imepita usawa wa viti, na kabla sijaonja chai watu wanne walikuwa wameshaniambia neno lilelile: "Hebu jaribu kuwasha."

Ugomvi wangu na mtaa ulianzia hapo. Mimi naamini magari mengi ya zamani yanayozama huwa bado yanaponyeka maji yanapoondoka. Anayeyamaliza ni mwenyewe, asubuhi ile ile, kwa ufunguo.

Hewa hubanwa ikabanika, maji hayabaniki. Pistoni inayopanda kwenye silinda yenye maji inagonga ukuta, na kitakachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni. Hata ikitokea injini imewaka, oili imeshaingiliwa na tope letu hili linaloshuka na mito kutoka mlimani, laini kama unga, na sasa linazungushwa kwenye beringi za krenki kama msasa. Halafu kuna nyaya zilizolowa, zinasubiri tu mtu azipelekee moto. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchomoa betri. Ya pili ilikuwa kumpa mama ufunguo aufunge kwenye pindo la khanga, maana nilikuwa sijiamini hata mimi mwenyewe.

Siku ya pili akaja fundi mmoja na kijana wake. "Kaka, nipe laki mbili, kesho unaondoka nayo." Simlaumu. Gereji hailipwi kwa kungoja. Gari likilala wiki tatu linakauka, kwake ni nafasi iliyoliwa na mteja anayepiga simu kila jioni. Ndiyo maana nasema gari la namna hii mahali pake ni nyumbani, ambapo hakuna anayelidai lingurume.

Jirani yetu mzee yeye alikuwa na ushauri mwingine. Nilimwamkia, "Shikamoo Meku," akaitikia huku akilizunguka gari, kisha akasema, "Chuma hiki uza kwa kilo, mwanangu, ununue ng'ombe." Kwa hesabu tupu, Meku yuko sahihi. Fedha niliyotumia hadi sasa imezidi bei ambayo mtu mwenye akili timamu angelinunulia. Bima nayo ilikuwa ile ndogo, ambayo mafuriko hayaihusu. Sina hoja ya fedha, na nawashangaa wanaojifanya wanayo.

Gari lenyewe ni Series III, ile ndefu ya 109, injini ya petroli ya cc 2286. Uzuri wa mashine hii ni kwamba haina kompyuta ya kufa maji, na inakubali hendeli, lile chuma la kuzungushia injini kwa mkono. Nilitoa plagi zote nne, nikaingiza hendeli kwa mbele, nikazungusha taratibu. Tundu la tatu lilirusha maji ya kahawia hadi kwenye migomba. Fikiria kama yangekuwa bado humo na stata inazunguka! Nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili kila silinda, nikaacha, na kila jioni nikitoka kazini nazungusha mara chache. Oili ya injini ilitoka kama chai ya maziwa. Difu zote mbili, yaani gia za ekseli ya mbele na ya nyuma, hivyo hivyo, kwa sababu difu ina kitundu cha kupumulia, na likikaa majini usiku kucha maji hayakosi njia. Gia boksi nayo ilitoa yake. Nilijaza oili ya bei nafuu, nikaimwaga, nikajaza tena, mara tatu, mpaka ikatoka na rangi yake. Matambara ya kazi yote hiyo yalikuwa mashuka ya mitumba kutoka soko la Kiborloni.

Lakini kilichonila muda ni chesisi, ile fremu inayobeba gari zima, na hapa ndipo wenzangu wengi wenye Land Rover wanapojidanganya. Mtu anagonga bodi, anasikia mlio wa alumini, anatabasamu: hii haishiki kutu. Bodi kweli. Gari hili lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo wakakimbilia alumini. Chesisi waliiacha ya chuma, nayo ni boksi lenye uwazi ndani na matundu huku na huku. Mafuriko yanaingia kwa matundu hayo, yanaacha tope, yanaondoka. Tope linashika unyevu kwa miezi huku wewe unang'arisha milango. Chuma kinaliwa kutoka ndani, na siku utakayojua ni siku bisibisi itakapopenya.

Wiki mbili nzima nilikuwa chini ya gari na mpira wa maji na waya wa breki ya baiskeli, nachokonoa tundu moja baada ya jingine. Ukidhani maji yametoka meupe, gonga kwa nyundo, uone yanavyogeuka tena. Yalitoka mchanga, majani, mende waliokauka, na siku ya tisa ikadondoka spana ya nusu inchi. Nikaijua. Miaka mingi iliyopita baba alimshutumu fundi mmoja wa mtaa wa Pasua kwamba kaiiba, na hawakusalimiana tena mpaka baba anafariki. Nilikaa chini pale pale kwenye matope nikaitazama.

Breki sikuzifanyia mzaha. Dram zilijaa tope, na mafuta ya breki hunywa maji hata bila mafuriko. Niliyamwaga yote, nikabadilisha silinda za magurudumu. Spea nilizifuata Arusha. Kampuni za safari zimetumia magari haya kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo mafundi wake na vipuri vyake bado wapo. Umeme nilishindwa, nikamwita fundi umeme; alikata kila kiungio chenye kutu ya kijani akaunga upya. Viti niliokoa vyuma tu.

Nisieleweke vibaya. Gari la kisasa likizama hadi kwenye viti, lenye kompyuta na mifuko ya hewa, mimi singeligusa nyumbani. Kama una bima kubwa, idai uachane nalo. Na ukilitengeneza ukaliuza, mwambie mnunuzi kwamba lilizama. Kunyamaza hapo ni wizi, hata kama mtaani wanauita ujanja.

Jaribu kubwa lilikuja Oktoba ileile ya 2024, Arusha ilipokuwa na tamasha la Land Rover na barabara zikajaa. Mpwa wangu aliniandama wiki nzima. "Anko, si imeshakauka? Twende hata kwa mwendo wa konokono." Injini ilikuwa tayari, nyaya zilikuwa bado. Nilikataa. Akaenda na basi, akarudi na picha mia mbili, akanionyesha moja baada ya nyingine bila kusema neno, na kwa kweli zile Land Rover zilinichoma roho.

Desemba fundi umeme akaniambia amemaliza. Niliunganisha betri, nikazungusha injini kwa hendeli bila plagi hadi nikahakikisha oili imefika juu, nikarudisha plagi, nikaenda jikoni kuomba ufunguo. Mama alikuwa anamenya ndizi. Akanawa mikono, akafungua pindo la khanga, akaushika ufunguo kidogo kabla ya kunipa.

"Yule fundi wa Pasua ulishakwenda kumwomba radhi?"

Nikamwambia bado.

Akaufunga tena kwenye pindo, akaendelea na ndizi zake. Nikavaa viatu.