Gome la mawio, gome la machweo

Mzee mmoja mganga wa miti shamba, huku Sikonge, mkoani Tabora, alinionyesha anavyochimba dawa kwenye mti wa mlundalunda. Akabandua kipande cha gome upande wa mawio, akazunguka, akabandua kingine upande wa machweo, basi. Desturi hii wanayo waganga wa sehemu nyingi za Afrika. Nilipomuuliza sababu alinitajia jua na wazee waliotangulia, na hapo ndipo msomi wa mjini hufunga daftari: ushirikina.

Angeutazama mti kwanza. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia tabaka la ndani la gome. Ukichuna shina kuzunguka lote, mizizi inakufa njaa na mti unafuata. Ukiacha pande mbili, njia inabaki wazi na jeraha hujifunga taratibu kutoka kingoni. Mlundalunda wa mzee ulikuwa na makovu ya zamani yaliyovimba kama midomo, na maganda yake marefu ya mbegu yananing'inia juu. Hatua chache mbele palikuwa na mwingine, umechunwa toka magotini hadi kifuani. Mkavu. 

Hofu ya madaktari juu ya dawa hizi si ya kupuuzwa. "Kikombe kimoja" hakisemi dawa ina nguvu kiasi gani, zipo za kuharakisha uchungu zinazoweza kumdhuru mama, na mtoto mwenye malaria kali hana muda wa kungoja mizizi ichemke. Apelekwe hospitali. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala na kutaka waganga wasajiliwe, naiunga mkono.

Ninachogomba ni kuchukua jina la mti na kuutupa utaratibu wake. Dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati asili yake ni mmea, pakanga ya Wachina. Tu Youyou, mtafiti Mchina aliyeigundua dawa hiyo na kupata tuzo ya Nobel mwaka 2015, alikwama mpaka aliposoma maelekezo ya kale: loweka majani, kamua. Hayakusema chemsha. Alipopunguza moto, dawa ikaonekana.

Sokoni Tabora nilinunua fungu la magome ya mlundalunda. Muuzaji alijua jina, alijua na ugonjwa. Nilipofungua kamba, gome lilikuwa kipande kimoja kilichojikunja kama bomba, ncha kwa ncha, unene wa shina zima.