Komoro haihitaji Galawa nyingine

Ni nadra mazungumzo kuhusu utalii wa Komoro kumalizika bila jina la Galawa kutajwa. Hoteli hiyo kubwa ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwenye ufukwe wa mchanga mweupe karibu na Mitsamiouli, kaskazini ya kisiwa cha Ngazija, kwa fedha za Afrika Kusini, enzi ambazo Mzungu wa nchi hiyo alifungiwa milango karibu bara zima na watawala wa Moroni, mji mkuu wa Komoro, walikuwa wakilindwa na mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, ambaye kikosi chake kiligharimiwa na Afrika Kusini hiyo hiyo. Ulimwengu uliuona ufukwe huo tarehe 23 Novemba 1996, pale ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini mbele ya hoteli. Watu 125 kati ya 175 walipoteza maisha, na miongoni mwa waliokimbilia majini kuokoa wengine walikuwamo wavuvi wa hapo na wageni waliokuwa wakiota jua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hoteli ilifungwa, baadaye majengo yakavunjwa, na tangu wakati huo kuifufua Galawa kumekuwa ahadi isiyokauka vinywani mwa wakubwa.

Sina ugomvi na hoteli kubwa kwa sababu tu ni kubwa. Ninachopinga ni dhana kwamba nchi yenye mlima wa volkano ulio hai, miji ya mawe yenye karne kadhaa na mamia ya familia zinazorudi nyumbani kila mwaka, haina utalii mpaka apatikane mwekezaji wa kujenga vyumba mia mbili ufukweni. Komoro tayari ina wageni wake, na tayari ina mahali pa kuwalaza. Kinachokosekana ni njia salama ya kuwafikisha, na maamuzi ya kuwathamini wageni hao badala ya kuwatazama kama watu wanaopita tu wakati mtalii halisi anasubiriwa kutoka Ulaya.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana ndiyo inayoamua mengi. Visiwa vitatu vinavyounda nchi hiyo, yaani Ngazija, Nzwani na Mwali, vina eneo la kilomita za mraba zisizofika 2,000 zikijumlishwa, na vyote ni vilele vya milima iliyochomoza kutoka baharini. Cha nne, Maore (Mayotte), kilibaki chini ya Ufaransa wengine walipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Katika Ngazija, mlima wa volkano wa Karthala una urefu wa mita 2,361, na sehemu kubwa ya pwani si mchanga bali ni mawe meusi ya lava yaliyoteremka na kugandia majini. Lava hiyo hunywa mvua yote: ingawa hunyesha sana, kisiwa hakina mto hata mmoja wa kudumu. Kwa sababu hiyo watu wengi huishi kwa maji ya mvua yanayokingwa kutoka mapaani na kuwekwa kwenye mabirika. Mlima ulipolipuka Novemba 2005, majivu yaliingia katika mabirika hayo na maelfu ya watu wakabaki bila maji ya kunywa. Sasa mtu anapopendekeza kujenga hapo mabwawa ya kuogelea, bustani za kumwagiliwa na vyumba ambavyo kila mgeni huoga mara tatu kwa siku, swali la kwanza linapaswa kuwa maji yatatoka wapi, na nani atapungukiwa. Sisi wa Zanzibar, tuliopokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, tunajua vijiji vya pwani ambavyo visima vyake viliingia chumvi huku bomba la hoteli ya jirani likitiririka.

Mlima, kwa upande mwingine, hauhitaji kujengewa chochote kikubwa. Wapandaji huanzia vijiji vya mteremkoni juu ya Moroni alfajiri kabla jua halijakolea, hupita migomba na mashamba ya mihogo, huingia msituni ambako unyevu hudondoka majanini hata kama hakuna mvua, kisha hutokea kwenye vichaka vifupi vya ukungu na baridi ambavyo mtu wa pwani hatarajii kuvikuta katika nchi ya minazi. Juu kabisa kuna bonde la volkano lenye upana wa kilomita tatu hivi, jeusi na la kijivu, na harufu ya kiberiti hukaa kooni. Wengi hulala huko juu usiku mmoja. Katika misitu hiyo yupo bundi mdogo wa Karthala ambaye haonekani mahali pengine popote duniani, na mtu anayependa ndege atakubali kulipa vizuri ili amsikie usiku. Kazi ya kuongoza wapandaji, kubeba mizigo, kupika na kuwapa kitanda kijijini kabla na baada ya safari inaweza kufanywa na watu wa vijiji hivyo wenyewe. Karthala sasa ni hifadhi ya taifa, pamoja na mlima Ntringui huko Nzwani na maeneo mengine, lakini hifadhi ya kwenye karatasi isiyo na alama za njia, askari wa kutosha wala bei inayojulikana kwa mgeni ni hifadhi nusu. Mgeni anayefika leo humpata mwongozaji kwa kuuliza dukani, na bei hutegemea nani aliyeulizwa.

Kuhusu wageni waliopo, kila anayeijua Moroni anajua kinachotokea kati ya Julai na Septemba. Ndege hujaa Wakomoro wanaoishi Ufaransa, hasa Marseille na vitongoji vya Paris, wanaorudi kwa ajili ya ndoa kuu, ile sherehe ambayo humpandisha mwanamume daraja katika mji wake na kumpa haki ya kusema na kusikilizwa kwenye bangwe, uwanja wa mji wenye mabaraza ya mawe ambapo wanaume huketi kwa kufuata vyeo. Kuna ngoma, maandamano ya wazee waliovaa majoho yaliyotariziwa, wanawake waliojipaka msindano, yaani liwa, usoni, mapishi ya masufuria yasiyohesabika, na dhahabu ya bibi harusi ambayo huzungumzwa mtaa mzima. Gharama zake huwaumiza wengi na Wakomoro wenyewe wanagombana juu yake tangu zamani, kwa hiyo mimi si mtu wa kuwafundisha. Lakini kwa hesabu ya utalii, hawa ni wageni wa kimataifa waliolipa nauli kubwa, wanaokaa wiki nyingi na wanaotumia fedha zao sokoni Volo Volo, kwa mafundi cherehani na kwa madereva wa teksi, badala ya kuziacha kwenye akaunti ya kampuni iliyosajiliwa ng'ambo.

Nao wametendewa vibaya kwa muda mrefu. Ndege ya Yemenia iliyoanguka usiku wa tarehe 30 Juni 2009 karibu na Ngazija ilikuwa imejaa watu wa aina hii hii, familia zilizotoka Ufaransa kupitia Sanaa, mji mkuu wa Yemen, zikielekea kwenye sherehe na likizo. Walikufa watu 152 na akaokoka msichana mmoja. Kabla ya ajali hiyo, abiria walikuwa wamelalamika sana kuhusu hali ya ndege za safari hiyo, na baada yake waliandamana kwenye viwanja vya ndege vya Ufaransa. Nchi ambayo ingewahesabu kama watalii, kwa maana ya heshima ya neno hilo, ingeanza sera yake ya utalii kwa kupigania usalama na nauli zao.

Kisha kuna nyumba. Ngazija hufuata ukoo wa mama katika mambo ya urithi: nyumba hujengwa kwa jina la binti, mume ndiye anayehamia kwa mkewe, na mali ya ukoo, inayoitwa manyahuli, hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mabinti. Kwa kuwa fedha za kujengea hutoka Ufaransa na wenyewe huko ndiko wanakoishi, ukipita mijini mwezi wa Machi utaona nyumba za ghorofa zilizofungwa madirisha, sebule zenye makochi yaliyofunikwa nailoni, zikingoja Julai. Wazo langu si geni, lakini sijaona likichukuliwa kwa uzito: vyumba hivyo vipangishwe wageni miezi ya katikati, chini ya usimamizi wa mama au dada aliyebaki, ambaye kwa desturi ndiye mwenye nyumba hasa. Serikali itoe leseni nyepesi na ikague choo, maji na kufuli ya mlango. Mgeni atakula mataba ya majani ya muhogo, samaki wa nazi na mkate wa sinia wa asubuhi, na fedha zitabaki mikononi mwa mwanamke ambaye hana haja ya kugombania umiliki na mtu. Hili haliwezekani kwa urahisi katika nchi nyingi za pwani yetu, ambako ardhi ya ufukweni ilishauzwa kabla wenyeji hawajajua thamani yake.

Mtu wa Zanzibar, Lamu au Tanga akipelekwa kwenye mji wa kale wa Moroni hatahitaji kueleweshwa sana. Msikiti wa Ijumaa wa Badjanani, ambao kwa mapokeo ulianza mwaka 1427, unatazama bandari ndogo yenye mawe meusi, na nguzo zake nyeupe zikiwaka jioni ndizo picha ambayo kila mgeni huondoka nayo. Katika mji wa Ikoni kuna majabali ambako, kama inavyosimuliwa, wanawake walijirusha baharini mwanzoni mwa karne ya 19 kuliko kuchukuliwa utumwani na wavamizi kutoka Madagaska. Itsandra ndiko alikozaliwa mwaka 1861 Sheikh Ahmed bin Sumeit, aliyekuja kuwa kadhi mkubwa wa Zanzibar. Mutsamudu, huko Nzwani, vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba mwanamke aliyevaa shiromani na mwenye kapu kichwani humlazimu anayekuja mbele yake kurudi nyuma hadi penye kizingiti, na ngome ya karne ya 18 inautazama mji kutoka kilimani. Majumba kadhaa ya miji hii yanaanguka, paa baada ya paa. Kukarabati jumba moja la kale likawa nyumba ya wageni kungesaidia kuliko kongamano jingine la wawekezaji.

Mwali ndicho kisiwa kilichofanya jambo la maana mapema. Hifadhi yake ya bahari iliundwa mwaka 2001 kwa makubaliano na vijiji vya pwani ya kusini, na mwaka 2020 kisiwa kiliingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi hai za dunia. Katika kijiji cha Itsamia, kasa hupanda ufukweni usiku kutaga, na wanakijiji wenyewe ndio wanaolinda na kuwaongoza wageni kwa taa hafifu. Mbele ya Nioumachoua kuna visiwa vidogo vya kuogelea, juu ya milima kuna popo wakubwa wa Livingstone ambao mabawa yao hukaribia mita moja na nusu, na kuanzia Julai nyangumi hupita na watoto wao. Malazi ni vibanda vichache vinavyoendeshwa na vijiji. Hapa ndipo ningempeleka yeyote anayedai kwamba utalii wa Komoro haujaanza.

Tatizo ni kufika. Njia ya wengi ni boti za fiba zinazotoka Chindini, kusini ya Ngazija, kwenda Hoani, Mwali. Hakuna gati: abiria hukunja suruali au kuinua buibui, huingia majini hadi mapajani, mizigo hupitishwa juu ya vichwa pamoja na magunia ya mchele na mbuzi mmoja au wawili, na makoti ya kuokolea, kama yapo, hutolewa askari anapotazama. Nilipopanda, bibi aliyeketi kando yangu alinishika mkono tulipoanza kupigwa na mawimbi akasema, "Mwanangu, shika ubao, usishike shati la mwenzio." Msimu wa harusi na nyangumi ndio huo huo msimu wa kusi, bahari inapochafuka zaidi katika mkondo ule, kwa hiyo wageni wengi zaidi husafirishwa wakati mbaya zaidi. Anga nayo haijawa kimbilio la uhakika, kwani Februari 2022 ndege ndogo iliyokuwa na watu 14 ilianguka karibu na Mwali. Gati mbili, boti zenye ukaguzi wa kweli, ratiba inayoheshimiwa na utabiri wa bahari unaotangazwa redioni kila alfajiri vingegharimu sehemu ndogo ya hoteli yoyote ya kifahari, na mama mjamzito wa Mwali anayekimbizwa hospitali ya Moroni angevitumia pia. Nzwani ingefaidika vivyo hivyo, pamoja na mashamba yake ya mlangilangi na maporomoko ya maji, ingawa huko ukataji wa misitu mteremkoni umekausha mito mingi.

Upande wetu nao una la kujibu. Kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa ndege wa Hahaya ni kiasi cha kilomita 700, mwendo wa saa moja na kidogo, na bado mara nyingi nauli yake humfanya Mtanzania achague Dubai. Shilingi haikubaliki huko, kadi za benki hufanya kazi kwa kubahatisha, na anayejua huenda na yuro mfukoni kwa kuwa faranga ya Komoro imefungamanishwa nayo. Wafanyabiashara wa Komoro wanaojaa Kariakoo kununua nguo na vyombo wameishi na usumbufu huu kwa miaka, wakibeba fedha taslimu viunoni. Iwapo Moroni na Dodoma zingekaa kuzungumza juu ya kodi za viwanja vya ndege na malipo ya simu yanayovuka mpaka, ningetaka wafanyabiashara hao wawe chumbani, kwa sababu wao ndio wanaojua safari hiyo inagharimu nini hasa.